Mizani ina mlinzi, rangi ya ufuta haina

Na Mwandishi Wetu, Kilwa Masoko

KILA mwaka, kuanzia mwezi Mei na kuendelea, habari ya soko katika mwambao huu huwa ni moja tu: ufuta. Magunia yanashuka kutoka Nanjirinji, Kiranjeranje, Mandawa na Njinjo, maghala yanajaa, na mazungumzo ya vijiweni yanahama kutoka kwenye mpira na siasa na kuhamia kwenye bei ya mnada. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hili, na fedha za ufuta ndizo zinazolipa ada za shule, mabati ya nyumba na madeni ya dukani.

Ukurasa huu kazi yake ni kumpa msomaji bei ya juu, bei ya chini na idadi ya tani zilizouzwa. Leo namwomba radhi msomaji aliyezoea tarakimu hizo. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo halina safu yake katika jedwali letu, ingawa linachangia kuamua tarakimu zote tatu. Jambo hilo ni rangi.

Nina sababu. Msimu mmoja nilisimama mlangoni mwa ghala moja la mkoa huu, ambalo sitalitaja kwa sababu nina hakika si la peke yake. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, jua limeshakwenda nyuma ya paa. Mzee mmoja alikuwa ameleta magunia yake. Kijana wa mapokezi akachota konzi moja, akaitazama katika kiganja, akasema: "Mzee wangu, huu mwekundu. Hauwezi kwenda na ule mweupe."

Mzee akajibu kwa upole: "Mwanangu, shamba ni lile lile, mbegu ni ile ile. Jana asubuhi mdogo wako kaleta nusu yake hapa hapa, mkamwandikia mweupe."

"Jana ni jana, mzee wangu."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mzee hakuwa na la kuonyesha, na kijana naye hakuwa nalo. Mmoja alikuwa na kumbukumbu, mwingine alikuwa na kalamu. Katika biashara, msomaji anajua nani hushinda kati ya hao wawili.

Mimi nilisomea biashara. Nilifundishwa kwamba kila ingizo katika daftari lazima liwe na hati ya kulithibitisha. Siku ile niliona ingizo lenye thamani ya fedha likiandikwa bila hati yoyote zaidi ya jicho la mtu mmoja aliyechoka, katika mwanga wa jioni.

Kilo ina sheria

Tuanze na lile ambalo tumeshalifanya vizuri. Wazee wa pwani hii walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi, na mizigo mizito kwa frasila. Vibaba vinne ndivyo pishi. Kilwa Kisiwani, bandari iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331 na ambayo magofu yake yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, haikujengwa kwa kukisia. Mji uliofanya biashara ya dhahabu na pembe za ndovu na watu wa ng'ambo haukuweza kuishi bila vipimo ambavyo muuzaji na mnunuzi wote waliviamini.

Leo tunayo Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 tunao Wakala wa Vipimo. Mizani ya chama cha msingi inakaguliwa na kupigwa chapa. Mtu akichezea mizani ametenda kosa, na kosa hilo lina jina, lina kifungu na lina adhabu. Tumepiga kelele dhidi ya lumbesa. Tumepiga kelele dhidi ya kangomba, ambako mkulima aliyebanwa na shida hupunjwa kwa kipimo cha mnunuzi. Vita hivyo havijaisha, lakini angalau tunajua tunapigania nini: kilo moja iwe kilo moja, Kilwa na Dar es Salaam, asubuhi na jioni.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 nayo ikaleta hatua ya pili. Korosho iliingia katika mfumo huo msimu wa 2007/08, na mazao mengine yakafuata. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lililoanzishwa mwaka 2014, limeleta mnada wa kielektroniki, na mnunuzi siku hizi anaweza kutoa bei akiwa mbali na ghala. Sasa angalia, msomaji: mnunuzi aliye mbali hauoni ufuta. Anaona maandishi. Uzito umeandikwa kwa mizani yenye chapa. Unyevu umepimwa kwa kifaa. Uchafu unaweza kuchekechwa na kupimwa uzito. Kwenye rangi limeandikwa neno tu.

Neno hilo halina mlinzi.

Rangi inalipiwa

Kuna atakayesema kwamba rangi ni urembo, kwamba ufuta ni mafuta na mafuta hayaulizi rangi ya ganda. Kwa mnunuzi wa kukamua mafuta, hoja hiyo ina uzito. Lakini soko la ufuta duniani si la mafuta peke yake. Japani na China ni wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Tanzania. Kuna ufuta unaokaangwa na kusagwa, kuna unaokobolewa na kunyunyizwa juu ya mikate, na kuna unaotengenezwa tahini na halua katika nchi za Mashariki ya Kati na Mediterania. Kwa matumizi ya kukoboa na kupamba mikate, punje nyeupe zinazofanana ni sehemu ya bidhaa yenyewe.

Majirani zetu wa Ethiopia wanalijua hilo. Soko lao la bidhaa lililofunguliwa mwaka 2008 liliutenga ufuta katika mikataba ya ubora kwa asili na kwa rangi: mweupe wa Humera na Gondar mbali, mwekundu wa Wollega mbali. Jina la Humera limekuwa kama chapa ya biashara, na mnunuzi akilisikia anajua anachonunua kabla ya kuuona.

Nasi tuna la kujivunia. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu bora za ufuta kwa miaka mingi, zikiwemo Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 02 na Mtwara 2009. Mkulima anayenunua mbegu safi, akavuna kwa wakati, akaisimamisha miganda ikauka vizuri na kuikung'utia juu ya turubai badala ya udongo mtupu, anatumia fedha na jasho kupata punje nyeupe. Mvua ikinyesha juu ya miganda, punje hubadilika rangi. Ukikung'utia chini, vumbi jekundu hushika. Ukichanganya mbegu za aina mbili, unapata mchanganyiko. Rangi, kwa maneno mengine, ni historia ya kazi ya mkulima iliyoandikwa kwenye punje. Tatizo ni kwamba ghala halina kifaa cha kuisoma historia hiyo.

Fanya hesabu ndogo kwa mfano tu. Tuseme tofauti ya ufuta mweupe na ule ulioitwa mwekundu ni shilingi 100 kwa kilo. Mkulima mwenye kilo 400 amepoteza shilingi 40,000 kwa neno moja. Chama kilichopeleka tani 50 kimepoteza shilingi milioni 5. Hakuna mkutano mkuu wa ushirika ambao ungekaa kimya endapo mizani ingekosea kwa kiasi hicho. Kwa rangi tunakaa kimya kwa sababu hatuna cha kushika mkononi.

Jicho halikusudii kudanganya

Simshutumu kijana wa mapokezi. Jicho la binadamu ni kiungo cha ajabu, linaweza kulinganisha vitu viwili vilivyo bega kwa bega na kuona tofauti ndogo sana. Udhaifu wake ni kumbukumbu. Haliwezi kubeba weupe wa jana na kuuleta leo.

Tena hudanganywa na mazingira. Mwaga konzi ya ufuta juu ya gunia la katani, utaonekana mweupe. Mwaga konzi hiyo hiyo juu ya karatasi nyeupe, utaonekana umefifia. Mwanga wa saa sita mchana una rangi yake, wa jioni umeelemea manjano, na wa taa ya balbu umeelemea manjano zaidi. Ukisimama ndani ya ghala lenye ukuta uliopakwa rangi ya krimu, hata ukuta unaongeza neno lake. Wapo pia watu, wanaume hasa, ambao kwa kuzaliwa hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengine wao hawajui. Ongeza uchovu wa mwisho wa siku. Ongeza, pale ambapo uaminifu ni mdogo, urafiki na bahasha. Ni nani atakayeyatenganisha haya yote na ukweli wa punje?

Kifaa kinachouliza swali moja

Watu wa viwanda walilitatua swali hili zamani. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, inayojulikana kwa kifupi CIE, ilikubaliana namna ya kuigeuza rangi kuwa namba. Mwaka 1976 tume hiyo ikatoa utaratibu unaotumika sana hadi leo, wenye namba tatu. Ya kwanza, L, inaeleza weupe na weusi: sifuri ni giza tupu, 100 ni weupe kamili. Ya pili, a, inaeleza kama rangi imeelemea wekundu au ukijani. Ya tatu, b, inaeleza kama imeelemea manjano au bluu. Kwa namba hizo tatu, mtu wa Kilwa na mtu wa Osaka wanaweza kuzungumza juu ya gunia moja bila kuonana.

Kifaa chenyewe hakina uchawi. Ndani yake mna taa isiyobadilika, kwa kawaida iliyolinganishwa na mwanga wa mchana. Taa inamulika sampuli, mwanga unaorudi unapokelewa na macho ya kielektroniki, na kifaa kinauliza swali moja: kati ya mwanga niliotoa, kiasi gani kimerudi, na cha rangi gani? Kabla ya kazi, mpimaji huweka kifaa juu ya kigae cheupe kinachojulikana thamani yake, ili kifaa kijirekebishe. Kigae hicho ndicho jiwe la mizani. Kikichafuka au kikikwaruzwa, vipimo vyote vimeharibika, kama vile mzani uliotiwa gundi.

Ufuta ni punje, si karatasi, na hapo panahitaji uangalifu. Mwanga hupotea katikati ya punje, kwa hiyo usomaji mmoja hautoshi. Utaratibu unaofaa ni huu: chukua sampuli kwa bambo kutoka magunia mengi, changanya, gawa mara nne hadi ubaki na kiasi kidogo kinachowakilisha mzigo, jaza kikombe kile kile kwa ujazo ule ule, soma mara kadhaa huku ukikizungusha, kisha chukua wastani. Pima na unyevu wakati huo huo, maana punje yenye maji huonekana nyeusi zaidi kuliko ilivyo.

Nisimfiche msomaji mapungufu. Kifaa kinatoa wastani. Ufuta mweupe uliochanganywa na punje nyeusi chache unaweza kutoa namba karibu sawa na ufuta wote wa rangi ya udongo, na kwa mnunuzi hivyo si vitu sawa. Kwa hiyo namba ya kifaa lazima iambatane na kuhesabu punje za rangi nyingine katika sampuli. Tena rangi haisemi lolote juu ya kiasi cha mafuta, asidi au mabaki ya dawa. Hivyo vina vipimo vyake. Anayedai kwamba kipima rangi kitamaliza matatizo ya ufuta anauza maneno.

Pamba ilishapita njia hii

Tusidhani tunazua jambo geni. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wana maneno mawili yanayojulikana tangu zamani: pamba safi na pamba fifi. Ni madaraja, na jicho lilichangia kuyaamua. Lakini katika biashara ya kimataifa ya pamba, rangi ilishaondolewa machoni. Nchini Marekani, Dorothy Nickerson na Richard Hunter walifanya kazi ya kutengeneza kifaa cha kupima rangi ya pamba katikati ya karne iliyopita. Kifaa hicho kilitoa namba mbili: asilimia ya mwanga unaorudishwa na nyuzi, na kiasi cha umanjano wake. Namba hizo bado zimo katika mashine za kisasa za kupimia pamba, na tangu mwaka 1991 Marekani imekuwa ikipima pamba yake kwa mashine hizo.

Tanzania haikuachwa nje. Shirika la Viwango, TBS, la Dar es Salaam lilichaguliwa kuwa kituo cha kiufundi cha kanda ya Mashariki na Kusini mwa Afrika katika mradi wa kimataifa wa kuoanisha vipimo vya pamba. Maana yake ni nini? Ujuzi wa kupima rangi ya zao kwa namba umekwishafika katika nchi hii. Kilichobaki ni kuuvusha Rufiji na kuuleta kusini.

Korosho nayo, jirani wa ufuta mashambani, inauzwa ng'ambo kwa rangi. Korosho iliyobanguliwa yenye alama ya W320 ni nzima, nyeupe, na punje zake ni kati ya 300 na 320 kwa ratili moja. Ikiungua kidogo katika tanuri inashuka kwenda kundi la zilizobabuka, na bei inashuka nayo. Idadi ya punje ni hesabu isiyo na ubishi. Mpaka kati ya nyeupe na iliyobabuka, mara nyingi, bado ni jicho.

Mnunuzi anapima, sisi tunakisia

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Viwanda vikubwa vya kusafisha ufuta vina mashine za kuchagua rangi. Punje zinaporomoka mbele ya kamera, na kila punje yenye rangi isiyotakiwa inapulizwa kando kwa hewa. Mashine hiyo inajua, mwisho wa siku, ni kilo ngapi zilikuwa nyeupe na ngapi hazikuwa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye kiwanda anajua rangi ya ufuta wetu kwa namba, baada ya kuununua. Sisi tulioulima tunaijua kwa neno, kabla ya kuuza.

Mchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika, na kazi hiyo ikachangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni rahisi: pale ambapo upande mmoja unajua ubora na mwingine haujui, bei huwa ya wastani, na bei ya wastani humfukuza mwenye mali nzuri. Kwa Akerlof ni mnunuzi ndiye asiyejua. Katika ghala letu hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwani siku ya mnada mnunuzi hana uhakika, naye hukata bei ili kujikinga, na siku ya kupakua anajua kila kitu, lakini maarifa hayo hayarudi kijijini.

Matokeo yake yanaonekana shambani. Mizigo ya wakulima wengi inawekwa pamoja. Aliyenunua turubai na aliyekung'utia chini wanapata bei moja. Msimu wa pili yule wa kwanza anajiuliza: turubai la nini? Hivyo ndivyo ubora wa zao unavyokufa, bila mtu kuuua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walikuwa sahihi kwa soko la ana kwa ana. Katika mnada wa kielektroniki kizuri hakijiuzi, mpaka kiandikwe.

Hoja za wanaopinga

Nimezungumza na watu wa soko juu ya jambo hili, na hoja tatu hurudi kila mara.

Ya kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba vifaa vya hali ya juu vya maabara huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini hakuna anayedai kila chama cha msingi kiwe nacho. Kifaa kimoja katika ghala kuu, kinachobebeka, kinaweza kuhudumia msimu mzima. Mkulima anakatwa tozo mbalimbali kwa kila kilo. Si dhambi kuuliza ni shilingi ngapi kati ya hizo zinarudi kumlindia ubora wake.

Ya pili ni kwamba namba itawaumiza wakulima wengine. Hii ni hoja ya kweli na siikwepi. Kifaa kikifika, wako watakaoandikiwa namba mbaya na watakaopata bei ndogo kuliko leo. Lakini watajua kwa nini, na wataweza kurekebisha msimu ujao. Anayeambiwa tu "mwekundu" hana la kurekebisha, kwa sababu hajui kama kosa ni mvua, mbegu, vumbi au hali ya moyo ya mpokeaji.

Ya tatu ni kwamba simu za mkononi zina kamera, kwa nini tununue kifaa? Kwa sababu kamera ya simu imetengenezwa ili picha ipendeze. Hujirekebisha yenyewe kila mwanga unapobadilika, na huo ndio ugonjwa tunaotaka kuuponya.

Chumvi na mabati

Ufuta hauko peke yake. Mashamba ya chumvi ya mwambao huu yanauza weupe kila siku. Chumvi iliyokokotwa pamoja na tope la chini ya shamba huwa ya kijivu, na mnunuzi hutumia rangi hiyo kuvuta bei chini. Kiwango cha kimataifa cha chumvi ya chakula kinadai angalau asilimia 97 ya chumvi halisi, ukiondoa unyevu, na jicho haliwezi kuona asilimia. Wala haliwezi kuona madini joto. Chumvi nyeupe pe inaweza kuwa haina hata chembe ya madini joto. Mfanyabiashara anayeuza weupe kana kwamba ndio usalama anamdanganya mlaji, na mnunuzi anayekataa chumvi kwa kuitazama tu anamwonea mzalishaji.

Upande wa pili wa duka kuna mabati ya rangi. Hapa kipimo ni kingine: mng'ao. Kifaa cha mng'ao hutupa mwanga kwa pembe ya nyuzi 60 na kupima kiasi kinachorudi kwa pembe ile ile. Kioo cheusi kilichong'arishwa vizuri ndicho kinachopewa alama 100. Kwa vitu vinavyong'aa sana hutumika nyuzi 20, na kwa vilivyofifia nyuzi 85. Bati likiwa jipya dukani linang'aa, na muuzaji anaapa kwamba halipauki. Jua na upepo wa chumvi wa Kilwa Masoko hauogopi kiapo. Mnunuzi angekuwa na namba ya mng'ao katika risiti ya siku ya kununua, angeweza kurudi baada ya miaka na kuuliza dhamana iko wapi. Bila namba, anaambiwa amezoea tu kulitazama.

Kilwa Masoko inabadilika. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa mwezi Septemba 2023, na samaki naye ataingia katika biashara ya madaraja, ambako mng'ao wa jicho na ngozi ni dalili ya kwanza ya ubichi. Mji unaotaka kuuza nje lazima ujifunze lugha ya namba mapema.

Tufanye nini

Sipendekezi mapinduzi. Napendekeza hatua tatu, kutoka ile ya bei nafuu hadi ile ya gharama.

Kwanza, msimu ujao, kila ghala liwe na meza moja ya kutazamia rangi: sanduku lililopakwa rangi ya kijivu ndani, taa moja ya aina moja, na sahani za kijivu. Ufuta wote utazamwe hapo, asubuhi na jioni, si mlangoni. Gharama yake ni ndogo, na pekee yake itapunguza ubishi mwingi.

Pili, wataalamu wa Naliendele na TBS watengeneze sampuli rejea, yaani vichupa vilivyofungwa vyenye ufuta wa kila daraja, vigawiwe kwa maghala na kubadilishwa kila msimu. Mpokeaji akisema mwekundu, mkulima awe na haki ya kusema: tuweke kando ya kichupa, mwanangu, tuone. Jicho, kama nilivyosema, ni hodari wa kulinganisha. Tulipe nafasi ya kufanya kazi inayoiweza.

Tatu, ghala kuu liwe na kipima rangi, kigae chake kikaguliwe kama mawe ya mizani yanavyokaguliwa, na namba zake ziandikwe katika orodha ya mnada pamoja na uzito na unyevu. Hapo nasi wa ukurasa huu tutaongeza safu katika jedwali, na msomaji ataweza kuona mwenyewe kama ufuta mweupe unalipwa kama mweupe. Kama haulipwi, tutakuwa na swali la kuuliza, na ushahidi wa kuuliza nalo.

Jambo moja la hadhari. Kifaa kikiwa mikononi mwa mnunuzi peke yake, au kikafungiwa ofisini na kutolewa siku ya mgeni, ni heri kisiwepo. Kipimo ni haki pale tu ambapo pande zote mbili zinakiona kikisoma.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mzee wa saa kumi na moja jioni alipoteza mali yake mchana kweupe, mbele ya watu, na habari yake isingeandikwa popote. Alifunga kamba ya gunia lake tupu, akasema "haya, Mungu yupo", akaenda kutafuta bodaboda ya kumrudisha kwao. Mungu yupo, hilo halina ubishi. Lakini kipima rangi ni kazi yetu sisi wenyewe.